Programu: kuuza au kukodisha?

Mwenye duka mmoja hapa Makindu ameniomba programu ya kuweka stoki na madeni ya wateja, na kabla sijamtajia bei nimekaa nikasoma historia kidogo. Wengi hudhani kulipia programu kila mwezi ni mtindo mpya. Wapi! Kukodisha ndiko kulikotangulia.

Herman Hollerith hakuuza mashine zilizohesabu sensa ya Marekani ya 1890, alizikodisha. IBM, iliyotokana na kampuni yake, ikaendelea hivyo hadi 1956, serikali ilipoibana mahakamani ikubali kuuza pia. Programu zilikuja pamoja na mashine. IBM ilitangaza kuzitoza bei yake peke yake Juni 1969. Baadaye zikauzwa dukani kama sabuni: VisiCalc ya 1979, ukinunua ni yako. Salesforce (1999) ikarudisha kodi, na mwaka 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo mapya ya Photoshop yatakuwa ya kukodi tu.

Huku kwetu somo lilikuja kwa simu. Mwaka 2000 Safaricom ilitoza kwa sekunde wakati Kencell ilitoza kwa dakika, na watu wakaona utamu wa kulipa kidogo kidogo. M-Pesa ikaingia 2007. Mwaka 2012 M-KOPA ikaanza kuuza taa za sola. Bei iliyozoeleka ilikuwa arubuni ya shilingi 2,999, kisha 40 kwa siku mwaka mzima. Usipolipa unazimiwa kwa mbali, ukimaliza ni mali yako.

Naupenda mpango huo, ila taa ikizimwa utawasha koroboi. Daftari la madeni likifungwa, je? Na Makueni pesa haziji kwa mwezi, zinakuja ndengu zikivunwa. Mvua za vuli zikikosa, wateja hukopa zaidi, na huo ndio mwezi ambao programu ingefungwa.

(Hekalu la Wasikh hapa, la tangu 1926, hulisha wasafiri bure, mwenye nacho hutoa sadaka. Mimi sina jiko kubwa hivyo.)

Basi nitamuuzia kwa awamu nne, ya kwanza Februari. Daftari litakaa kwenye kompyuta yake mwenyewe. Akitaka nimhifadhie nakala kwenye seva, hiyo atalipia kila mwezi, na akiacha kulipa, daftari lake halifungwi.