Fomu ya simu inavyoweza kupoteza dagaa: jinsi ya kugeuza majibu kuwa data

Chukulia fomu ya kwenye simu ya kurekodi mzigo mwaloni Kibirizi, Kigoma: jina la boti, aina ya samaki, kilo, namba ya simu. Ukibonyeza "Tuma", majibu yote yanatakiwa kuwa kifurushi kimoja cha data ambacho programu inakielewa.

Kwa JavaScript, mstari mmoja unatosha:

Object.fromEntries(new FormData(fomu))

FormData huokota majibu. Object.fromEntries, iliyoingia kwenye lugha hiyo mwaka 2019, huyapanga: jina la sehemu na jibu lake. Kabla ya hapo wengi walitegemea jQuery, iliyotoka mwaka 2006.

Simple, ila mitego ipo:

• Sehemu isiyo na "name" haichukuliwi kabisa.

• Ukitiki dagaa na migebuka, na visanduku vyote vina "name" moja, hubaki jibu la mwisho tu. Dagaa ndio wameondoka hivyo. Dawa ni getAll, inayoleta orodha nzima.

• Kinachoandikwa huja kama maandishi. Kilo 12 kujumlisha 8 inakuwa 128, si 20. Geuza kwanza kwa Number.

• Namba ya simu usiigeuze, sifuri ya mwanzo itapotea.

Mbaya zaidi, hakuna ujumbe wa kosa: fomu inatuma vizuri tu. Kwa hiyo kabla haijafika mwaloni, ijaze mwenyewe, tiki samaki wawili, kisha angalia kilichopokelewa.