Gari likigoma kuwaka, pima kwanza kabla ya kununua betri

WENYE magari wengi, gari linapogoma kuwaka alfajiri, hukimbilia duka la vipuri kununua betri mpya. Wiki mbili baadaye gari hugoma tena, na lawama zote humwangukia muuza betri. Pengine betri zote mbili zilikuwa nzima, ila hapakuwa na kitu kilichokuwa kikizichaji.

Kazi kubwa ya betri ni kuzungusha starta. Injini ikishawaka, altaneta inayoendeshwa na mkanda ndiyo hulisha taa, redio na vifaa vingine, na kuirudishia betri kile ilichotoa. Ndiyo maana ugonjwa wa altaneta huonekana kwanza kwenye betri.

Kifaa cha kumaliza ubishi huu ni mita ya kupimia umeme, ambayo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya betri. Gari likiwa limelala usiku kucha, gusisha waya mwekundu wa mita kwenye kichwa chanya cha betri na mweusi kwenye hasi. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha, na yapaswa kuchajiwa kabla ya kuhukumiwa.

Hata hivyo, betri iliyozeeka huweza kuonyesha volti 12.6 kisha ikaanguka mara starta inapovuta. Mwombe mwenzako awashe gari wakati ukitazama mita. Iwapo betri iliyojaa itashuka chini ya volti 9.6 hivi, imechoka, isipokuwa kama starta yenyewe ni mbovu na inavuta umeme kupita kiasi. Joto la mikoa ya pwani huharakisha uchovu huo.

Sasa pima injini ikiwa inanguruma. Mita ionyeshe kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuzidi kushuka unapowasha taa kubwa, altaneta haichaji: huenda mkanda umelegea, waya umekatika au brashi zake zimelika. Ikipita 15, kidhibiti cha altaneta kimeharibika na maji ya betri yatakauka upesi. Katika magari mapya ambayo kompyuta huongoza uchaji, namba hizi hupanda na kushuka, hivyo usikurupuke.

Kabla ya kuifungua altaneta, vitazame vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme kupita, na gari hutoa mlio wa "tik, tik" tu ingawa betri imejaa. Gusisha ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye kibano chake, starta ikizungushwa. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea hapo. Maji ya moto na brashi ya waya vitatosha.

Wapo mafundi ambao hupima altaneta kwa kung'oa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka. Mtindo huo ulivumilika enzi za dainamo. Leo volti zaweza kuruka ghafla na kuunguza kompyuta ya gari, na fundi wa namna hiyo ni wa kukatazwa papo hapo.

Yote yakiwa sawa na bado betri inaisha usiku, kuna kitu kinachoinyonya: taa ya buti isiyozimika, au alamu iliyofungwa ovyo. Zima kila kitu, fungua waya hasi, kisha unganisha mita, ikiwa kwenye ampia, kati ya waya huo na betri. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, maana itaungua. Subiri nusu saa hivi ili kompyuta zilale. Kwa kawaida isizidi miliampia 50. Ikizidi, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine. Itakayoshusha namba ndiyo yenye njia ya mnyonyaji.

Unapofungua betri anza na waya hasi, na unaporudisha umalizie nao, ili spana isigonge bodi na kutoa cheche. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, hivyo sigara ikae mbali.