Mbolea ya Majani katika Kilimo cha Pamba: Historia ya Dai na Mipaka Yake

Historia ya kulisha mimea kwa njia ya majani husimuliwa mara nyingi kana kwamba ni ushindi wa maabara dhidi ya ardhi iliyochoka. Kwa zao la pamba, ushahidi hauyaungi mkono masimulizi hayo. Kwamba jani hupokea virutubishi, hilo limethibitishwa. Utata umebaki katika swali jingine: je, jani laweza kupokea vya kutosha, tena kwa wakati ule mmea unapovihitaji?

Mwanakemia Mfaransa Eusèbe Gris, mwanzoni mwa miaka ya 1840, alionyesha kwamba majani yaliyogeuka manjano hurudia ukijani yanapopakwa chumvi ya chuma. Ugunduzi huo ulihusu madini ambayo mmea huyataka kwa kiasi kidogo mno, jambo ambalo warithi wa wazo lake walilisahau kwa urahisi.

Karne moja baadaye, H. B. Tukey na S. H. Wittwer wa chuo cha Michigan State walitumia virutubishi vyenye mnururisho, fosforasi ikiwa mojawapo, kufuatilia safari yake kutoka jani hadi viungo vingine vya mmea. Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani iliiunga mkono kazi hiyo, na mwaka 1954 Tukey aliieleza mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo. Muktadha huo haufai kupuuzwa. Desemba 1953 Rais Eisenhower alikuwa ametoa hotuba yake kuhusu matumizi ya amani ya atomi, na mfano wa kilimo ulikuja kwa wakati mwafaka. Tangu hapo matokeo hayo yamenukuliwa mno na wauzaji wa mbolea za kupulizia, ambazo wakulima wengi wa Tanzania huziita busta. Hata hivyo, kupima mwendo wa kirutubishi ndani ya mmea si sawa na kupima uzito wa mavuno.

Suala hili lilipata uzito wa pekee kwa pamba katika miaka ya 1980 na 1990. Upungufu wa potasiamu ulijitokeza mwishoni mwa msimu katika mashamba ya Marekani, hata pale ambapo vipimo vya udongo havikuashiria tatizo. Maelezo yaliyokubaliwa na wengi ni kwamba aina mpya za pamba zilibeba vitumba vingi kwa muda mfupi, na vitumba ndivyo vilaji vikubwa vya potasiamu, wakati ambapo mizizi imekwisha kudhoofika. Katika Chuo Kikuu cha Arkansas, Derrick Oosterhuis na wenzake walichunguza unyunyiziaji wa urea na nitrati ya potasiamu. Naitrojeni iliyowekewa alama ilionekana kufika katika kitumba kilicho jirani na jani baada ya saa chache tu. Lakini ilibainika pia kwamba jani lililozeeka, au lililopigwa na ukame, huwa na tabaka zito zaidi la nta na hupokea kidogo. Kwa maneno mengine, tiba hudhoofika pale hasa mgonjwa anapozidiwa.

Hesabu nayo ina lake la kusema. Kilo 11 za nitrati ya potasiamu kwa hekta, ambacho ni kiwango cha kawaida cha mnyunyizio mmoja, zina takriban kilo 4 za potasiamu. Pamba iliyo katika kilele cha kujaza vitumba huweza kufyonza kilo 2 hadi 5 kwa siku katika eneo hilohilo. Mnyunyizio mmoja, hata ukipokewa wote, ni chakula cha siku moja au mbili. Ndiyo maana majaribio yaliyofuata yalitoa matokeo yasiyolingana: mavuno yaliongezeka mahali fulani, na mahali pengine hayakubadilika.

Kwa boroni hesabu hugeuka. Upungufu wake katika pamba ya Zambia ulielezwa na watafiti katika miaka ya 1960, na mahitaji ya mmea kwa msimu mzima hupimwa kwa gramu kwa hekta. Kiasi hicho chaweza kuchanganywa katika bomba lilelile ambalo mkulima amekwisha kulibeba mgongoni kwenda kupulizia dawa ya funza wa vitumba.