Mmea wa Askari na Damu ya Jeraha

Watu wa kale walijua vema ya kuwa uhai wa mwili umo katika damu. Kwa hiyo kila taifa lilitafuta mimea ya kuizuia isimwagike. Mmoja katika mimea hiyo huota penye majani ya malisho huko Ulaya na Asia. Maua yake ni madogo, meupe, yamekusanyika kama mwavuli. Majani yake yamechanika sana, hata kwa Kilatini ukaitwa wa majani elfu. Waingereza waliuita dawa ya majeraha ya askari.

Sifa hiyo ina asili ya kale. Homer, mshairi wa Wayunani, katika utenzi wake uitwao Iliad, asimulia jinsi Eurypylus alivyochomwa mshale pajani vitani. Patroclus akamlaza, akautoa mshale kwa kisu, akaiosha damu kwa maji ya uvuguvugu. Kisha akafikicha mzizi mchungu mikononi, akautia jerahani, damu ikakoma. Ujuzi huo ulitoka kwa Achilles, rafiki yake. Homer hakuutaja mzizi kwa jina. Lakini waliokuja baadaye waliuhusisha mmea wetu na Achilles, na mwaka 1753 Linnaeus akauandika Achillea millefolium.

Je, nguvu yake ni nini? Ni ukakasi. Kila aliyekula bibo la mkorosho ajua jinsi ulimi unavyokazana. Ukakasi huo umo pia katika magome ya mikoko, yaliyotumiwa kutengenezea ngozi za wanyama. Ukigusa jeraha, nyama hukazana na vijishipa hufunga. Lakini ukikatwa mshipa mkubwa, jani haliwezi kitu; hapo yafaa kukandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi.

Tena, kuzuia damu si kusafisha jeraha. Mwaka 1884 Arthur Nicolaier alionyesha ya kuwa udongoni mna vijidudu viletavyo pepopunda. Basi jani lenye udongo laweza kuzuia damu leo, na kumwua mtu baada ya siku kadha.

Wazee wetu wasidharauliwe, maana walitazama kwa makini. Lakini tusishike nusu ya kazi ya Patroclus na kuiacha nusu: yeye alianza kwa maji. Na yule Msamaria mwema hakuishia kufunga majeraha. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa. Nasi tufanye vivyo hivyo, tumfikishe majeruhi hospitali.