MWAKA 2018: MWAKA WA MIZANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Darsa letu la leo ni la historia, na si historia ya mbali. Ni ya mwaka 2018 katika nchi yetu Tanzania. Nimeichagua kwa sababu vijana wengi mnaonifuatilia humu mnajua vizuri habari za Badri na Uhud, na hilo ni jambo la kheri kabisa, lakini ukimuuliza kijana yaliyotokea nchini kwake alipokuwa shule ya msingi, anakutazama tu. Qur'ani inatuhimiza tutembee katika ardhi, tuangalie na tuzingatie. Sasa mtu wa Kitangari asiyejua kilichoipata korosho mwaka 2018, huyo hajatembea bado hata kwenye shamba la babu yake.

Nawaomba msome mpaka mwisho. Maneno ni mengi kidogo, lakini jambo lenyewe linahusu haki za watu, na haki za watu haziishi kwa toba ya mdomo peke yake.

Ukiyapanga matukio ya mwaka ule, mengi utayaona yanarudi kwenye neno moja: KIPIMO. Nani apate kiasi gani, chombo kibebe kiasi gani, kilo iuzwe kiasi gani. Twende nayo moja baada ya jingine.

KWANZA: JUNI, BUNGENI DODOMA

Korosho ghafi ikisafirishwa kwenda nje hutozwa ushuru wa serikali. Kabla ya mwaka ule, sheria iligawa fedha hizo hivi: asilimia 65 zirudi kuliendeleza zao lenyewe, yaani pembejeo, utafiti kama ule wa Naliendele, na mengineyo, asilimia 35 ziende Hazina. Mwezi Juni 2018, katika bajeti, sheria ikabadilishwa na fedha zote zikapelekwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa mikoa ya Kusini walisimama wakapinga kwa nguvu, na upande wa serikali ukajibu kwamba fedha za umma zinapaswa kukaa pamoja na kupangwa kwa ajili ya nchi nzima. Mabadiliko yakapita.

Sikuleta jambo hili ili tugombane. Nimelileta ujue kwamba msimu ulipokaribia, mkulima wa huku alikuwa tayari ana swali moyoni: fungu langu ni lipi?

PILI: SEPTEMBA, ZIWA VICTORIA

Tarehe 20 Septemba, siku ya Alhamisi, siku zile zile za Ashura mwanzoni mwa mwaka 1440 Hijria, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara. Watu walikuwa wanatoka sokoni Bugolora, upande wa Ukerewe. Kivuko kile kiliwekewa uwezo wa kubeba watu 101. Waliofariki peke yao walifika 228, na waliookolewa hai walikuwa 41. Nchi ikaingia katika maombolezo ya siku nne, bendera nusu mlingoti.

Ndugu msomaji, weka hizo namba pembeni mwa kile 101, uzitazame. Kipimo kilikuwepo, kimeandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kukiheshimu siku ya soko, wakati kila mmoja anataka kuwahi nyumbani. Tunawaombea marehemu wote, na Waislamu miongoni mwao Allah awape daraja la mashahidi, kwani Mtume (s.a.w.) amemhesabu aliyekufa kwa kuzama kuwa miongoni mwao.

TATU: OKTOBA NA NOVEMBA, KWETU

Msimu ukafunguliwa. Msisahau tulikotoka: msimu uliotangulia nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, mavuno makubwa kuliko yote yaliyokuwa yamewahi kupatikana hadi wakati ule, na bei mnadani ilishafika hata shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga, walinunua pikipiki, walioa, wengine walikwenda Hija. Kila mtu akapanga mambo yake kwa bei ile.

Minada ya mwishoni mwa Oktoba ilipofunguliwa, bei za wanunuzi zikawa chini ya shilingi 3,000. Wakulima wa Newala na Tandahimba wakakataa kuuza. Sikiliza hilo vizuri. Mtu ana watoto wa kupeleka shule, ana deni la salfa, ghala limejaa, na bado anasema siuzi.

Rais wa wakati ule, John Pombe Magufuli, Allah ndiye mwenye hukumu juu ya waja wake, aliwaita wanunuzi Ikulu, wakazungumza juu ya bei isiyopungua shilingi 3,000. Mambo hayakwenda. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawapa wanunuzi siku chache za mwisho. Tarehe 10 Novemba mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara, wakaondolewa. Bodi ya Korosho ikavunjwa. Tarehe 12 Novemba Rais akatangaza kwamba serikali yenyewe itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, fedha zipitie Benki ya Maendeleo ya Kilimo, na Jeshi la Wananchi lisimamie na kubeba mzigo. Malori ya jeshi yakapanda uwanda wetu wa Makonde. Maulidi ya mwaka ule yaliangukia wiki iliyofuata, na watu waliingia nayo wakiwa na matumaini makubwa.

Kisha ukaja mtihani wa kusubiri. Malipo yalianza, lakini kwa wengi yalichelewa mpaka ndani ya mwaka 2019. Serikali iliona mzigo wenyewe ni mzito: zaidi ya tani 220,000 za kununua, kutunza na kuuza. Mwezi Januari 2019 ukasainiwa mkataba na kampuni moja ya Kenya inunue tani 100,000. Mwezi Mei mkataba huo ukavunjwa. Msimu uliofuata minada ikarudi na wanunuzi binafsi wakarudi.

JE, DINI INASEMAJE KUHUSU BEI?

Hapa watu hugawanyika, basi tuseme kwa elimu. Amepokea Anas bin Malik (r.a.) kwamba bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei. Akakataa, akawaambia kwamba mwenye kupanga bei ni Allah, na kwamba anataraji kukutana na Mola wake bila mtu yeyote kumdai dhulma ya damu wala ya mali. Kwa hadithi hiyo wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi'i, wamezuia kupanga bei.

Lakini wapo waliofafanua, kama Ibn Taymiyya, kwamba bei ikishushwa au kupandishwa kwa hila, kwa wafanyabiashara kupatana dhidi ya watu, basi mtawala anaruhusiwa kuingilia ili kurudisha haki. Kwa hiyo mwenye kusema serikali ilikosea kuingilia ana hoja, na mwenye kusema ilipatia naye ana hoja. Msitukanane kwa jambo hili.

Lisilo na mjadala ni lile la kuchelewesha. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Aliyeuza mali yake akaambiwa subiri, naye yumo katika maana hiyo. Awe mdaiwa ni dola, ni kampuni, ni chama cha msingi au ni mimi na wewe, deni ni deni.

NNE: LILE TUSILOPENDA KULISEMA

Ndugu zangu, mpaka hapa wengi mnatikisa kichwa mkikubaliana nami, kwa sababu tumesema wabunge, tumesema wanunuzi, tumesema serikali. Sasa tuingie ndani.

Serikali ilipoanza kulipa ilifanya uhakiki. Wenye mzigo mkubwa waliulizwa: shamba lako liko wapi? Tukaonyeshwe. Hapo ndipo neno KANGOMBA likasikika nchi nzima, mpaka kwa watu wasiowahi kuuona mkorosho. Walikuwepo watu wenye magunia mengi na hawana hata mti mmoja.

Magunia hayo yalitoka wapi? Hayakutoka Vietnam wala India. Yalitoka kwa mjane wa jirani. Yalitoka kwa mzee aliyeuguliwa na mkewe mwezi wa tatu, hana nauli ya kwenda hospitali, akafuatwa na mtu wanayeswali naye safu moja.

Chukua mfano mwepesi. Mtu anapewa shilingi 100,000 wakati wa masika, ili msimu ukifika atoe kilo 100. Kwa bei ya 3,300, zile kilo ni shilingi 330,000. Kwa miezi saba, laki moja imezaa laki mbili na thelathini. Na mara nyingi kilo yenyewe haipimwi kwa mizani. Inapimwa kwa bakuli lililojazwa mpaka likawa na kilima.

Utaniambia: Ustadhi, si hii ni biashara ya salam, nayo inaruhusiwa? Ndiyo, salam ipo. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakilipana mapema kwa ajili ya tende, akawawekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Basi lete kangomba tuipime kwa masharti hayo:

1. Bakuli la kilima si kipimo kinachojulikana. Na kupunja ndiko kulikotajwa katika Surat Al-Mutaffifin, sura iliyofunguliwa kwa onyo kali kwa wale wanaopokea kwa kujaza na kutoa kwa kupunguza.

2. Mwingine hanunui kilo, ananunua mikorosho ile pale ikiwa bado ina maua. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonekana kuwa salama. Ubwiri unga ukiingia, nani anakula hasara?

3. Mkulima akishindwa kutoa, deni linaongezwa msimu ujao. Hiyo sasa ni riba ya wazi, riba ya zama za ujahiliya.

4. Na mwingine anamvizia mkulima njiani, kabla hajafika ghalani kujua bei ya mnada. Mtume (s.a.w.) amekataza kuwaendea wenye mali njiani kabla hawajafika sokoni, na akampa muuzaji hiari ya kurudisha mauzo pale atakapofika na kuijua bei.

Tazama hekima hiyo. Karibu miaka 1,400 kabla ya mfumo wa stakabadhi ghalani kuanza Mtwara mwaka 2007, mkulima alishalindwa asiuze gizani.

Ndiyo maana nasema mwaka 2018 ulitupima sisi pia. Tulikataa mnadani bei ya chini ya 3,000 na tukaiita dhulma. Lakini wapo miongoni mwetu waliokuwa wameshanunua kwa 1,000 uani kwa jirani, na hawakuiita jina lolote. Haki ya mkulima hupotea kwanza mlangoni kwake, kabla ya kufika mnadani. Aliyekwisha kuuza maua, bei ikipanda mnadani inamsaidia nini?

TUFANYE NINI?

Mosi: kama una korosho, au fedha iliyotokana na korosho, uliyoichukua kwa njia hiyo, mtafute mwenyewe. Mrudishie kilichozidi au muombe akuhalalishie kwa ridhaa, si kwa kumtisha. Akiwa amefariki, wapo warithi.

Pili: misikiti yetu ianzishe mfuko wa mkopo mwema, usio na ziada hata senti. Mavuno yakija, kila mwenye uwezo aweke kidogo. Masika yakifika, mwenye mgonjwa akope hapo, alipe korosho zikiuzwa. Kangomba anaishi kwenye miezi ya njaa. Ukiifunika miezi hiyo, umemfungia duka.

Tatu: viongozi wa AMCOS, mizani mliyopewa ni amana. Kidole kikigusa mizani hakuna mkaguzi anayekiona, lakini Allah anakiona.

Nne: wazazi, wasimulieni watoto habari za mwaka ule kama zilivyokuwa, pamoja na sehemu yetu sisi. Historia inayomlaumu mwingine tu haimfundishi mtoto kitu.

Ewe Allah, tujaalie tuwe wenye kutimiza vipimo, tubarikie mikorosho yetu, wape rehema ndugu zetu waliozama Ukara, na utuepushe kukutana Nawe hali ya kuwa tunadaiwa kilo moja ya mjane. Amin.

Wafikishie na wengine, huenda ujumbe ukamkuta aliye na deni kabla msimu haujafunguliwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.