Kasi isiyomchosha farasi wa masafa marefu

Pale Sigalagala, kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Kisumu, ni nadra kumwona farasi. Wanaoonekana ni akina mama wakirejea kutoka sokoni na mizigo kichwani, kila mmoja kwa mwendo aliouzoea, bila pupa. Hata hivyo, jinsi mwili unavyoichagua kasi hiyo ni swali lile lile linalowasumbua wapanda farasi wa masafa marefu, ambao wanyama wao huweza kutakiwa kwenda kilomita 160 kwa siku moja.

Farasi ana miendo mitatu mikuu: kutembea, kwenda matiti, yaani mwendo wa kudundadunda ambapo miguu miwili ya mkingamo hukanyaga pamoja, na kupiga shoti. Mnamo 1981, Donald Hoyt na Richard Taylor wa Marekani walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyopima oksijeni iliyotumiwa na farasi wadogo waliokwenda juu ya mkanda unaozunguka. Katika kila mwendo palikuwa na kasi moja ambapo kila mita iligharimu nguvu kidogo kabisa. Farasi alipolazimishwa kwenda polepole zaidi, au kwa haraka zaidi, gharama ilipanda. Alipoachwa huru, aliichagua kasi hiyo mwenyewe.

Taylor alikuwa pia miongoni mwa wenzake Profesa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliotangaza, mnamo 1986, kwamba wanawake wa Kiluo na Kikikuyu hubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu za ziada. Kumbe elimu hii ina mizizi nchini!

Mpanda farasi asiye na maabara hutumia kifaa cha kuhesabu mapigo ya moyo. Farasi huendeshwa matiti kwa kasi moja, mahali tambarare, mpaka mapigo yatulie. Kisha kasi huongezwa. Mapigo ya dakika huzidishwa kwa 60, halafu hugawanywa kwa kilomita za saa. Tuseme moyo unapiga mara 110 kwa kasi ya kilomita 12, mara 120 kwa kilomita 14 na mara 144 kwa kilomita 16. Kila kilomita basi imegharimu mapigo 550, 514 na 540. Kasi ya 14 ndiyo nafuu, ingawa macho yangedhani ni ile ya 12.

Kipimo hiki ni cha kukisia, kwani joto, hofu na matope hupandisha mapigo. Tena kila farasi ana hesabu yake, na ya jirani haimfai.

Kosa hapa si dogo. Katika vituo vya ukaguzi njiani, daktari wa mifugo husubiri mapigo yashuke, kwa kawaida hadi 64 kwa dakika, katika muda uliowekwa. Yasiposhuka, au mnyama akichechemea, huondolewa mashindanoni. Aliyesukumwa kupita kiasi huweza kuishiwa maji na chumvi mwilini, na wengine hufa.