Miche 62 ya Mkonge

Mtu apitaye Korogwe au Pangani na kuona mashamba ya mkonge aweza kudhani kwamba mmea huu ulikuwako tangu zamani za babu zetu. Sivyo. Mkonge wa asili ni ule wa porini, ambao wazee walisokota kamba zake. Huu wa mashamba ni mgeni aliyerithi jina la mwenyeji. Kwao ni Meksiko, upande wa Yucatán, ambako Wamaya walitumia nyuzi za jamii hii ya mimea kwa kamba kabla Wazungu hawajafika.

Katika karne ya 19 zilitokea mashine za kuvuna ngano na kufunga miganda. Kamba zikatakiwa mno, na Yucatán ikatajirika. Mwenye mali kama hiyo hagawi mbegu kwa hiari. Lakini katika miaka ya 1830 Bwana Henry Perrine, balozi mdogo wa Marekani huko Campeche, alikuwa amekwisha kuipeleka mimea hiyo Florida. Huko ndiko Bwana Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kidachi, alikoagiza miche 1,000. Ikapitia Hamburg, ikasafirishwa tena baharini, na ilipofika pwani yetu mwaka 1893, iliyokuwa hai ni 62 tu.

Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mkonge huzaa machipukizi kando ya shina. Tena mwisho wa maisha yake hutoa mlingoti mrefu wenye maua, na juu yake huota watoto wengi, kisha mama hufa. Hivyo ile 62 iliongezeka upesi. Mwaka 1913 nchi iliuza zaidi ya tani 20,000 za nyuzi, na mwaka 1964 zaidi ya tani 200,000. Baadaye kamba za plastiki zilishusha bei, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori.

Lakini hesabu hizo hazitaji mikono ya watu. Tani moja ya nyuzi yataka kama tani 25 za majani mabichi, yenye miiba nchani, nayo hukatwa moja moja kwa kisu. Wakataji wengi walitoka mbali, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, asipate mshahara kamili mpaka siku 30 za kazi zimetimia. Sisi twaona kwamba wenye mashamba wamesifiwa vya kutosha. Manamba wengi hawakurudi kwao, na wajukuu wao wako Tanga hata leo.